Kifungu cha Madeni ya Zamani

Mjini, 3 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na yule mteja wa makochi mekundu amekulipa. Kama bado, mwambie binti yako yuko benki na anajua njia zote za kumsumbua mtu kwa simu.

Nina habari! Nimetolewa kwenye simu. Ile kazi ya kuwapigia watu na kusema "mpendwa mteja, malipo yako yamechelewa", huku wengine wakinitukana mimi na wewe uliyenizaa, imekwisha. Nimepandishwa ghorofa ya juu, kitengo cha sera. Nina meza, nina dirisha, na nina bosi ninayemwita Mkurugenzi mbele yake na Bwana Miwani nyuma yake, maana ana miwani nyingi na zote huzitafuta kutwa.

Kazi yangu ya kwanza ni huu muswada unaosemwa redioni. Serikali inataka kuweka kikomo cha riba kwenye kadi za mkopo, ishuke hadi nusu ya inayotozwa leo. Watu wanashangilia. Mimi nakwambia yaliyo moyoni mwangu, si ya mwajiri: nina wasiwasi. Mwenye mshahara mnono atapewa kadi hata riba ikishuka. Ila muuza mitumba, fundi, dereva wa kukodi, hao ndio wataambiwa "samahani, hujatimiza vigezo". Wakitoka hapo watakwenda kwa mkopeshaji wa uchochoroni, anayebeba friji yako ukichelewa wiki moja.

Wewe unaonaje? Najua ile kadi niliyokulazimisha kuichukua nilipokuwa nahangaika kutafuta wateja wapya imelala kabatini haijaguswa. Lakini nataka maoni ya mtu mwenye akili, na humu ofisini sijampata bado.

Ni mimi binti yako,
Chiriku


Nyumbani, 14 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Kama nilipaza sana majirani wanisamehe, mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Muuza magazeti amenishauri niachane na barua, nijifunze kuandika ujumbe kwa simu. Nimejaribu. Herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa. Tuendelee na kalamu.

Hongera sana. Mama yako angekuwepo, mtaa mzima ungekuwa umeshajua, na wa pili ungekuwa njiani kujua. Nimefurahi hasa kwamba hutukanwi tena.

Kuhusu muswada, hilo la fundi kunyimwa kadi sikuwa nimelifikiria, na umesema kweli. Ila nina swali. Kuna jirani yangu hapa, mtu mzima kama mimi, alikopa kwa kadi wakati wa shida nyumbani kwake. Kila mwezi analipa kile kiasi cha chini walichomwandikia. Miaka inakwenda, analipa, na deni leo ni kubwa kuliko siku aliyokopa. Anauliza: sheria ikipita, itamgusa na yeye aliyekopa zamani, au ni ya watakaokopa kesho tu?

Nijibu ukipata nafasi. Si haraka. Ni jirani tu.

Mteja wa makochi mekundu hajalipa. Nikimpita anajifanya anafunga kamba za viatu, na siku hizi anavaa ndala.

Baba yako


Nyumbani, 15 Februari

Mdogo wangu,

Nimesema uongo kwa maandishi, katika umri huu. Nimemwambia Chiriku nina jirani anayedaiwa na benki, nikamalizia na "Ni jirani tu." Wewe peke yako, uliyeniapia kufunga mdomo, unajua kwamba jirani huyo analala kitandani kwangu na kuvaa suruali zangu.

Najua utanigombeza. Lakini nisikilize. Miezi saba wifi yako alilala hospitalini kwenye chumba chenye madirisha, na dawa hazikukosekana hata siku moja. Chiriku anaamini chama cha mafundi ndicho kilicholipa. Chama kilitoa rambirambi na turubai. Kilicholipa ni ile kadi. Na kadi aliileta yeye mwenyewe, alipokuwa mgeni kazini na anadaiwa idadi ya wateja. "Baba, weka saini tu, si lazima uitumie." Nikaweka. Miezi michache baadaye mama yake akaanguka.

Nikimwambia leo, hatasikia kwamba kadi ilimtunza mama yake. Atasikia kwamba yeye ndiye aliyeniletea. Huko kwao wafanyakazi hawaruhusiwi kuchungulia akaunti za jamaa zao, kwa hiyo asipoambiwa hatajua. Riba ikishuka nitamaliza mwenyewe, taratibu.

Kaka yako


Bwenini, 2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi ni matroni, nalea wasichana mia mbili na wote wananidanganya, kwa hiyo uongo nautambua hata ukija kwa posta. Wako ni mbaya. "Ni jirani tu!" Mtu gani huandika hivyo asipokuwa na lake? Una bahati mwanao anakuamini mno, hata hakutilii shaka.

Mwambie. Ulificha jino mpaka shavu likavimba, ukaficha kuwa husikii mpaka gari la takataka nusura likukanyage. Mwanamke mzima yule, si mtoto wa kufichwa ukweli.

Kama huwezi kumwambia yeye, basi waambie wanaotunga sheria. Nimesikia kamati ya bunge itapita huko kwenu kusikiliza wananchi kuhusu hiyo riba. Nenda ukaseme. Na usiende na habari za jirani.

Mdogo wako


Nyumbani, 21 Machi

Mdogo wangu,

Nilikwenda. Nilivaa koti la kijivu na nikaandika maneno yangu kwenye karatasi, nikayakariri.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wabunge sita, na pembeni watu wa benki wenye kompyuta. Zamu yangu ilipofika nilisema yote: ugonjwa, kadi, kiasi nilichokopa, kiasi nilichokwisha kulipa, na kiasi kinachobaki. Watu walitulia. Niliona mama mmoja akitikisa kichwa na nikajua amenielewa.

Kisha mbunge mmoja, mwanamke, akaniuliza kitu. Midomo yake ilikwenda haraka. Nilidhani ananiuliza umri. Nikasema, "Sabini na moja, mheshimiwa, na meno yangu karibu yote." Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, maana sikujua.

Nje, karani wa kamati aliniandikia lile swali kwenye bahasha. Mbunge alikuwa ameuliza: "Mzee, kama benki ingekunyima kadi siku ile mkeo alipougua, ungefanya nini?" Ni swali zuri. Nimelizungusha kichwani wiki nzima nikiwa nagonga misumari, na sijui ningemjibu nini. Najua tu kwamba walicheka kabla sijalijua swali lenyewe.

Kaka yako


Mjini, 28 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo! Kaa kitako, lala kama unaweza, maana hii ni habari ya kulala nayo.

Unakumbuka swali la jirani yako? Baba, lile swali limenipandisha kimo cha jengo hili. Nilikwenda kwa Bwana Miwani nikamuuliza: "Bosi, muswada unasemaje kuhusu madeni ambayo tayari yapo?" Akatoa miwani, akavaa nyingine, akasoma, akasoma tena. Muswada haukusema chochote! Hakuna aliyefikiria. Akaniambia nikae niandike pendekezo. Nimeandika kifungu kizima peke yangu: kikomo kiwe kwa kadi zitakazotolewa baada ya sheria, na madeni ya zamani yabaki na riba ya zamani mpaka yalipwe. Na kamati imekikubali! Kitaingia vilevile nilivyokiandika, hata mkato hawajagusa.

Usinione nina roho mbaya. Riba ikishuka kwenye madeni yote kwa mkupuo, benki ingefidia kwa kufukuza watu, na wa kwanza wangekuwa wenzangu wa kule kwenye simu, wengi wao akina mama wanaolea peke yao. Mwambie jirani pole. Mwambie sheria ikipita aombe kadi mpya yenye riba ya chini, alipie lile deni la zamani. Njia ipo.

Mwenzangu aliyekuwa kwenye kikao cha huko kwetu ametuchekesha sana. Anasema alisimama mzee mmoja asiyesikia vizuri, akaulizwa jambo zito la sera, yeye akataja umri wake na idadi ya meno! Nilicheka mpaka machozi, halafu nikakukumbuka wewe.

Chiriku


Nyumbani, 6 Aprili

Mwanangu,

Hongera sana. Si kila mtu huandika neno likawa sheria.

Jirani nimempa jibu lako. Alisema, "Binti yako ana akili nyingi." Nikamwambia hilo nalijua tangu akiwa na miaka minne.

Yule mzee wa kwenye kikao msimcheke sana. Huenda alikuwa amejiandaa.

Huku mvua ni nyingi na kazi ni chache. Usisahau kula.

Baba yako


Nyumbani, 2 Julai

Mdogo wangu,

Sheria imepita, kama ulivyosikia. Nilifuata ushauri wa Chiriku, ule wa kwenye barua zake nilizokuwekea humu. Nilikwenda benki kuomba kadi mpya ya riba ya chini nilipe ile ya zamani. Binti wa dirishani alikuwa na adabu. Alipoona sisikii, alichukua karatasi akaniandikia kwa herufi kubwa: UMRI. KIPATO. DENI ULILONALO. Kisha akaniandikia kwamba kwa riba hii mpya benki haiwezi tena kubeba wateja wa aina yangu. Akaongeza chini, POLE BABA.

Kwa hiyo Chiriku alisema kweli tangu Februari. Fundi amenyimwa. Na mimi nami nilisema kweli, kwamba riba ile inamla mtu. Tumesema kweli wote wawili, mdogo wangu, na sijui ukweli huo nikaulipie wapi.

Kibanda changu cha kazi nimekirudisha kwa mwenyewe, kodi ilinishinda. Sasa namfanyia kazi fundi mwingine kule nyuma ya stendi, ananilipa kwa kila kochi ninalomaliza. Mwanasheria wa benki ameandika barua ya pili. Nimepata mtu wa kununua nyumba. Ni mwalimu, ana watoto watatu, na ameupenda ule ukuta wa jikoni aliouchora wifi yako. Sitaki dalali wa benki aje aipige mnada barabarani. Afadhali niiuze mwenyewe, nilipe, nipange chumba.

Uliniapia. Usimwambie.

Kaka yako


Bwenini, 9 Agosti

Chiriku mwanangu,

Nilimwapia baba yako kwamba nitafunga mdomo, na leo naufungua. Anikasirikie.

Hakuna jirani. Anayedaiwa ni yeye. Chama cha mafundi hakikulipa hospitali; aliyelipa ni baba yako, kwa ile kadi uliyompelekea. Amekuwa akiilipa tangu mama yako yuko hai mpaka leo. Kifungu chako kimemfungia ndani ya riba ya zamani, na kadi mpya amenyimwa. Kibanda kimekwenda. Nyumba inauzwa.

Na mzee wa meno ni yeye.

Sikuandikii haya ili nikuumize. Yeye alikuficha ili usiumie, na sasa umeumia kuliko ambavyo ungeumia ungejua mapema. Hiyo ndiyo akili ya kaka yangu. Nenda nyumbani. Usipige simu kwa majirani, usitume mtu. Nenda.

Shangazi yako


Mjini, 27 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nilikwenda. Nimerudi jana, nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Nilianzia kibandani, nikakuta mtu anauza vifuniko vya simu. Akanielekeza nyuma ya stendi. Karakana ni bati tupu, joto lake unaliona. Baba alikuwa amekaa chini, amenipa mgongo, anang'oa misumari kwenye kochi la watu, anaipanga mmoja mmoja juu ya kigae ili aitumie tena. Nilimwita. Hakusikia. Nilimwita tena nikakumbuka. Nikasimama tu. Shati lake limechanika begani na ameshona mwenyewe kwa uzi wa makochi, ule mnene.

Mwenye karakana ndiye aliyemgusa. Akageuka, akaniona, akatabasamu kama vile tuliagana asubuhi. "Chiriku! Umekula?"

Shangazi, nilikuwa na maneno tangu nilipopanda basi. Yote yalikwisha. Nililia pale mbele ya mafundi. Naye akawa ananifuta uso kwa kitambaa chenye gundi, anasema, "Basi, mama, basi. Watu wanatazama."

Tulikaa kwenye makochi mawili yasiyo na vitambaa, springi zinatuchoma, tukazungumza kwa kuandikiana. Nilimwandikia: Kwa nini hukuniambia? Akaandika: Ulikuwa umeanza kazi. Nikaandika: Mimi ndiye niliyeandika kile kifungu. Akaandika: Najua, uliandika vizuri. Hakuwa ananisuta, Shangazi. Ungemwona uso wake. Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo roho iliponitoka.

Nilirudi ofisini nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Miwani. Nikamweleza kwamba mteja huyu ni baba yangu, nikamwomba deni lihamishiwe kwenye riba mpya, mtu mmoja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, na sikutaka awe mtu mbaya. Akasema, "Pole sana. Lakini nikimfanyia mmoja nitawafanyia wote." Kisha akafungua sheria akanisomea kifungu, polepole, neno kwa neno, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sisikii. Alifika mwisho ndipo akakumbuka ni nani aliyekiandika. Akafunga kitabu.

Nimeomba mkopo wa wafanyakazi. Sisi wenyewe tunakopeshwa kwa riba ndogo kuliko hata kikomo cha serikali, ulijua hilo? Mimi nilijua siku zote, na sikuwahi kuliona kuwa ni jambo la ajabu. Nimemwandikia Baba kwamba asiuze, pesa zinakuja mwisho wa mwezi ujao.

Chiriku


Nyumbani, 10 Septemba

Mwanangu,

Barua yako imefika, na nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya sanduku, kwa sababu viti nimeshavitoa.

Mkopo uache. Nilitia saini ya kuuza wiki mbili kabla hujaja, na mwalimu ameshatoa pesa zote. Sikukwambia ulipokuwa hapa kwa kuwa ulikuwa unalia sana. Benki nimewalipa juzi. Wamenipa karatasi yenye mhuri kwamba sidaiwi. Nimeitazama nikatafuta furaha, sijaiona bado, labda itakuja.

Hata kama saini isingekuwepo, nisingekubali. Ungebeba deni la kumuuguza mama yako, na kulibeba lilikuwa jukumu langu. Usiache kazi kwa hasira. Na usiniandikie tena kuomba msamaha, barua tatu zimetosha. Ulikuwa hujui. Niliyekuwa najua ni mimi, na nilinyamaza, na kwa kunyamaza kwangu nilikupokonya nafasi ya kuandika neno jingine kwenye karatasi ile. Hilo ndilo linalonikosesha raha, si nyumba.

Chumba nimepata, si mbali na karakana. Kina dirisha moja na mwenye nyumba ni mtu mwema, ila ni mpole mno wa kuongea, tunaelewana kwa mikono. Nimepima mlango wake mara kadhaa. Kitanda cha mama yako, kile cha chumba cha pili, hakipiti. Nimejaribu kukilaza, kukisimamisha, kukigeuza miguu juu. Ningekifungua vipande, lakini unajua babu yako alikiunga kwa gundi na vigingi, hakina hata skrubu moja, ukikifungua umekivunja.

Mwalimu anahamia Jumapili. Amesema atakinunua nikitaka, kwa bei nzuri, kwa ajili ya wanawe. Sijamjibu. Kama una nafasi huko kwako niambie mapema. Kama huna, nitamwachia, na nitaelewa.

Baba yako


Mjini, 13 Septemba

Baba,

Nimempa dereva wa basi barua hii akukabidhi mkononi.

Nimepima mlango wangu. Na kwangu kitanda hakipiti.

Nakuja Jumamosi hata hivyo. Usiku huo mmoja tulale hapo nyumbani, wewe chumbani kwako, mimi kitandani kwa Mama. Jumapili asubuhi tutamfungulia mwalimu mlango pamoja.

Binti yako